Chombo Kikigeuka Cheupe, Usikiguse

Jumatatu usiku nimerudi kazini, viatu bado vina matope ya geti la bandarini, msomaji mmoja akanitumia picha. Chini yake ameandika: "Shikamoo dada. Jana nimepuliza varnishi, leo nimeamka nakuta chombo kama kimemwagiwa sembe. Nifanyeje?"

Nilicheka. Sikatai, nilicheka kwa sauti mpaka mdogo wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kisha nikainua macho juu ya kabati la vyombo, kicheko kikanikauka. Pale juu kuna chombo cha anga, modeli ya plastiki niliyoiunganisha na kuipaka rangi mwenyewe, ambacho miaka mitatu iliyopita, Aprili kama hii, mvua kama hizi, nilikikuta asubuhi kimekuwa cheupe vilevile. Na mimi sikuwa na wa kumwandikia.

Nyie mnaonisoma sina haja ya kuwaeleza kwa nini mtu mzima anakesha na brashi yenye nywele kumi. Sote tunataka kitu kimoja tu, chombo ambacho mtu akikitazama aamini kimetoka mbali. Shida yangu ilikuwa nyumbani. Modeli ile ilikuja kwenye begi la shemeji yangu aliyekuwa anatoka safari, akanikabidhi sebuleni mbele ya wageni: "Haya shemeji, mdoli wako huu." Watu wakacheka. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, natoa makontena ya watu bandarini, nalipa kodi ya nyumba Tabata bila kuchelewa. Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa perege. Nadhani ndiyo maana niliharakisha. Nilitaka Pasaka ndugu wakija wakikute pale juu kimekamilika, na shemeji akiwa wa kwanza kukiona.

Kuunganisha nitaruka. Vipande vinabana vyenyewe bila gundi, unapiga msasa makovu ya kukatia, jioni tatu umemaliza, hakuna hadithi.

Hadithi iko kwenye rangi. Chombo chenyewe ni Millennium Falcon, kile cha filamu za Star Wars, kipimo cha 1/144, yaani kimepunguzwa mara 144, urefu kama sentimita 24, sahani ya wali inakizidi kidogo. Waliounda modeli za Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977, walichukua vipande vya modeli za vifaru na ndege, wakavibandika juu ya vyombo vyao, halafu wakavichafua kwa makusudi. Falcon ni chombo cha mizigo kilichochoka: kijivu kinachokaribia weupe, paneli moja nyekundu imepauka, nyingine imebanduka rangi, moshi umelamba huku na kule. Na mimi, samahani kwa kujisifu, chombo cha mizigo kilichochoka nakijua kuliko wengi wenu. Nakiona kuanzia asubuhi.

Kontena halichakai ovyo. Rangi hutoka kwanza kwenye kona, pale linapofungwa na kunyanyuliwa, na kwenye kingo za chini za milango. Kutu huanzia chini ya bawaba, ikashuka moja kwa moja kwa sababu maji nayo hushuka moja kwa moja. Siku ukivuka kwenda Kigamboni, badala ya kuchezea simu tazama mlango wa pantoni: ukingo unaokanyagwa na magari umesuguliwa mpaka chuma kinang'aa, lakini hatua moja pembeni, pasipopita tairi, ni kahawia tupu. Uchafu una anwani. Kila doa liulize limetoka wapi. Ukikosa jibu, lisiwepo.

Kuna na hesabu ndogo ambayo watu hawaifanyi. Kwenye kipimo cha 1/144, mkwaruzo wa milimita 1 ni sentimita 14 na ushee kwenye chombo chenyewe. Ukichora mikwaruzo ya milimita 5, umesema kuna mtu amekivamia kwa shoka. Weka kidogo. Ukiona bado kidogo, acha hivyohivyo, kesho utaona inatosha. Na kabla ya hapo jaribu kwenye kijiko cha plastiki, vile vya kulia aiskrimu. Hili nitalirudia.

(Mtaniambia angani hakuna kutu kwa sababu hakuna hewa wala maji. Kweli. Lakini chombo cha mizigo hutua, na kinapotua kuna mvua na kuna vumbi. Wanaanga wa Apollo kati ya 1969 na 1972 walirudi ndani na suti zimekolea vumbi la Mwezi lisilotoka hata likipanguswa. Kwa hiyo miguu ya kutua ndiyo ichafuke zaidi, halafu tumbo, na mgongo mwisho kabisa.)

Basi nikaanza. Praima, ile rangi ya chini inayoshika zingine, nilinunua Kariakoo, ya kopo, ile wanayopulizia bampa za magari, na niliijaribu kwenye kijiko kwanza. Juu yake nikapaka kahawia iliyokolea, kisha spray ya nywele niliyoiomba kwa msusi wangu, kisha kijivu cha Tamiya kwa kile kipulizio kidogo cha wapamba keki. Kile kijivu nilikichanganya mwenyewe, chupa za mililita 10, nyeupe nyingi na tone la nyeusi na la manjano, na kila paneli chache nikabadilisha mchanganyiko kwa nukta tu ili chombo kisionekane kimepakwa siku moja. Wakati kijivu bado hakijashika sana, unalowesha brashi kwa maji, unagusa pale unapotaka, spray ya nywele iliyo chini inayeyuka na kijivu kinabanduka vipandevipande kama rangi halisi. Nilipoona kona ya kwanza inabanduka sawasawa na kona ya kontena nilisimama nikazunguka chumba. Hakuna aliyeniona. Nilitamani kuwe na mtu.

Halafu nikainywesha ile mistari ya paneli. Unatanguliza varnishi ya kung'aa, ikikauka unachukua rangi ya mafuta ya wachoraji, nyeusi na kahawia, unaizimua kwa tapentini mpaka iwe kama chai ya rangi, unagusa mstari mmoja na wenyewe unakimbia mpaka mwisho. Ziada unaifuta kwa pamba ya masikioni, kuelekea chini, kama mvua inavyokwenda. Nyuma kwenye injini nikapaka masizi niliyokwangua kwenye sufuria ya mama. Miguuni nikatia udongo mweupe wa Pugu, uliosagwa na kupitishwa kwenye chujio la chai. Mama bado analitafuta hilo chujio.

Ilikuwa Alhamisi Kuu. Kilibaki kitu kimoja, varnishi isiyong'aa ya kuua mng'aro na kushika vumbi lisitoke. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nguo za juzi zilikuwa bado mbichi kwenye kamba ya kibarazani. Saa nne usiku nikatoka pale pale kibarazani, nikapulizia safu moja, nikaona haitoshi, nikapulizia ya pili nene. Chini ya taa kilionekana kizuri. Nikalala nikiwa nimeshapanga nitakachomwambia shemeji.

Asubuhi kilikuwa cheupe. Si kijivu kilichopauka, ni cheupe cha ukungu, mistari imezama, nyekundu imekuwa waridi, masizi yamekuwa kama majivu. Kazi ya wiki tano. Ningekuwa na akili ningefunga mlango nikaenda kanisani, maana ilikuwa Ijumaa Kuu. Badala yake nikachukua kitambaa nikafuta. Hakikutoka. Nikaongeza nguvu, kikatoka pamoja na kijivu. Ndipo nikakumbuka kuna thina kwenye kopo, ile ya rangi za magari, kali, inayopanda kichwani. Nikaimwaga kwenye kitambaa nikapitisha ubavu wote wa kulia.

Plastiki ya modeli na thina ya magari havikai chumba kimoja. Kilinata kama ulimbo. Vile vijipande vidogo vya juu, mabomba, vijifuniko, vyote vililala vikawa uji. Nilipoinua kitambaa kulikuwa na nyuzi za pamba zimeganda kwenye ngozi ya chombo na alama ya kidole gumba changu, kamili, na mistari yake. Nilikaa chini nikalia. Ndiyo, kwa ajili ya mdoli.

Pasaka chombo kilikuwa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Shemeji aliuliza, "Ule mdoli umeishia wapi?" Nikasema sina muda siku hizi.

Jibu nilikuja kulipata Keko, wala silo nililokuwa nimefuata. Nilikwenda kuangalia kitanda cha mama kimefikia wapi, nikamkuta fundi amekaa juu ya gogo anakunywa kahawa, bunduki ya rangi imening'inia, kitanda kimepigwa msasa kinangoja. Nikamuuliza mbona hapulizi. Akanyoosha kikombe kwenye mvua: "Dada'ngu, hali hii nikipuliza itaota ukungu. Thina inaruka haraka, mbao inapoa, unyevu wa hewani unatua juu ya varnishi kabla haijashika. Utaniambia nimekupaka unga." Nikamuuliza, na ikishaota? "Unaiacha. Likitoka jua unaipitia tena, nyepesi, kwa mbali, inajifungua yenyewe. Ukiifuta umeua."

Nilisimama pale mvua inaninyea. Mtu ambaye hajawahi kushika modeli maishani mwake alikuwa amenisomea kosa langu neno kwa neno.

Kwetu sisi wa plastiki, hiyo "kuipitia tena" haifanywi kwa thina. Ngoja siku kavu, saa nane mpaka saa kumi mchana ambapo unyevu wa Dar unapungua kidogo, upulizie varnishi ya kung'aa, safu nyembamba kabisa, uache. Mara nyingi ukungu unazama na rangi zinarudi. Ikishakauka vizuri, ndipo unarudia ile isiyong'aa, nayo nyembamba. Jaribu kwenye kijiko kwanza. Na kama ni masika, weka brashi chini, unganisha kingine, lala. Kipupwe kinakuja, Juni mpaka Agosti hewa ni kavu na wala hakuna anayekukimbiza.

Ubavu wa kushoto niliuokoa hivyo hivyo Julai, na rangi zilirudi karibu zote. Ule wa kulia haukuwa na wa kuuokoa, nikauunguza. Yaani nilijiuliza swali langu lile lile, doa hili limetoka wapi, nikajijibu kwamba chombo kilipita karibu mno na moto. Nyuzi za pamba nikazichomoa kwa koleo moja moja, pale palipoyeyuka nikatia nyeusi katikati, kahawia pembeni, halafu zambarau hafifu kama chuma kilichopata joto, na masizi nikayavuta kuelekea nyuma. Alama ya kidole gumba iko chini ya masizi. Ukijua pa kutazama utaiona.

Picha za kile cha pili, nilichokimaliza mwaka jana, mliziona wengi, na mlinijazia pongezi, asanteni. Kile hakina kosa. Nilitumia njia zile zile, kwa miezi minne. Na niseme tu, kuna watu wananiandikia wanataka matokeo ya miezi minne kwa wikendi moja. Mtu ametazama video ya dakika kumi, anadhani kazi ilichukua dakika kumi. Vijana, mnakimbilia wapi? Mnaruka kijiko, mnaruka safu nyembamba, mnapuliza usiku wa mvua, halafu kosa mnasema ni la kopo. Wengine mnaharakisha kwa sababu ileile yangu, kuna mtu sebuleni mnataka kumfunga mdomo. Nawaambia kama dada yenu, yule mtu hafungwi mdomo. Shemeji yangu nilimwonyesha cha pili, akakishika, akakigeuza, akasema, "Kizuri. Lakini mbona umekichafua?"

Haya, nilikuwa kwa yule kijana aliyenitumia picha. Nilimwandikia usiku ule ule, ndefu, nusu ya haya mliyosoma. Usikifute. Usikiguse. Kifunike na boksi vumbi lisikipate, ngoja jua, varnishi ya kung'aa, nyembamba, kijiko kwanza. Nikaweka simu chini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi nikiwa kwenye mwendokasi, nimesimama, begi la mtu liko mbavuni, nikakuta jibu: "Asante sana dada. Ila nilikuwa nimeshapitisha thina. Sasa kinanata."

Jioni nikirudi na mapema, mwanga ukiwepo, nitaushusha ubavu wa kulia nimpigie picha ya karibu.