Hataza ya programu ya kulinganisha picha: maswali ya wasomaji wa Kigoma

Kijana wangu ametengeneza programu: ukikipiga picha kitenge, inakutafutia duka lenye kitenge hicho hicho. Tunaweza kupata hataza? (Mzazi, Ujiji)

Ndugu yangu, hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, na wazo la kutafuta nguo kwa picha peke yake halitoshi kuipata. Programu ya namna hii huigeuza picha kuwa safu ya namba zinazobeba rangi, kingo za maua na mpangilio wake, kisha huzilinganisha na namba za picha zilizohifadhiwa. Kama kijana amebuni njia mpya ya kupata namba hizo, au ya kuzilinganisha haraka simu ikiwa na nguvu ndogo, hapo kuna la kuombea. Kwa Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, au hupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, kwa Itifaki ya Harare, mkataba wake wa hataza. Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Nasikia kuna kampuni iliyoshindwa rufaa Marekani kwa ajili ya picha za simu. Ilikuwaje? (Mwanafunzi, Kasulu)

Ni TLI Communications, katika hukumu ya Mei 17, 2016 ya Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit, inayosikiliza rufaa za hataza Marekani. Hataza yake ilieleza simu inayopiga picha na kuituma kwa seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia data, pamoja na taarifa za kuiainisha, na seva inayoihifadhi kwa kufuata taarifa hizo. Mahakama ilifuata kipimo cha shauri la Alice, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014, kinachouliza kama hataza inadai wazo tupu na kama imeongeza ubunifu juu yake, ikaona kuwa kuainisha na kuhifadhi picha kwa utaratibu ni wazo tupu, na kwamba simu na seva zilifanya kazi zake za kawaida tu. Kilichomwangusha mrufani zaidi, kwa maoni yangu, ni maandishi yake mwenyewe, kwa sababu yalitaja kila kifaa kinafanya nini bila kueleza kinafanyaje.

Basi programu zote hushindwa? (Fundi simu, Mwanga)

Hapana. Siku tano kabla, mahakama hiyo hiyo iliipa Enfish ushindi dhidi ya Microsoft, kwa kuwa jedwali lake la data liliboresha utendaji wa kompyuta yenyewe.

Nikikataliwa, naweza kuongeza maelezo wakati wa rufaa? (Msomaji, Uvinza)

Madai, yaani sehemu ya maombi inayotaja mipaka ya unachotaka kilindwe, unaweza kuyapunguza kwa masharti, lakini jambo la kiufundi ambalo halikuwemo siku ya kuwasilisha maombi haliingizwi tena, na hapo ndipo wengi hukwama. Muda nao ni mfupi: katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya, taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya miezi miwili, na sababu zake ndani ya miezi minne, tangu uamuzi ulipotolewa kwa mwombaji.

Programu tumeshawaonyesha wauza vitenge sokoni. Kuna tatizo? (Mzazi wa Ujiji, tena)

Huenda lipo. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuwasilisha maombi tangu alipoutangaza uvumbuzi wake. Ulaya, kwa kawaida, kuutangaza kabla ya maombi huondoa upya wake, na bila upya hakuna hataza. Mwambie kijana asimweleze mtu mwingine jinsi inavyolinganisha hadi mtakapoonana na wakala wa hataza.