Saluni ya haibridi ya kwendea kazini: kabla ya kuchagua toleo, tazama matairi

Mtu anayenunua gari dogo la saluni la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa safari za kazini mara nyingi huwa ameshamaliza ubishi wa kampuni. Ameshaamua ni Corolla ya Toyota, Civic ya Honda au Elantra ya Hyundai, au Prius ya Toyota, ingawa wabishi watasema Prius si saluni kwa sababu buti lake hufunguka pamoja na kioo. Kilichobaki ni kukuna kichwa mbele ya orodha ya matoleo: la chini, la kati, na lile lenye kila kitu. Hapo ndipo muuzaji huanza kuchangamka, na hapo ndipo pesa nyingi huenda kwenye vitu ambavyo mwenye gari hatavigusa tena baada ya wiki ya kwanza.

Mimi naendesha Corolla ya haibridi ya toleo la chini, ile yenye rimu za chuma za inchi 15 na vifuniko vya plastiki. Shemeji yangu ana Prius ya daraja la juu, rimu inchi 19, inang'aa hata ikiwa imesimama. Huwa tunabadilishana magari, kwa hiyo haya nisemayo nimeyakalia, sikuyasoma kwenye kipeperushi tu.

Kwanza ijue njia yako. Haibridi hupata faida yake pale gari linapopunguza mwendo. Ukigusa breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kama joto. Ukiondoka tena, nguvu hiyo ndiyo inayokusukuma huku injini imelala. Ndiyo maana foleni, inayomfilisi mwenye gari la petroli, haimtishi sana mwenye haibridi. Kwenye vipimo vya EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, Corolla ya petroli ya 2023 ilitumia takriban lita 7.4 kwa kilomita 100 mjini, na ya haibridi lita 4.4. Kwenye barabara kuu pengo lilikuwa dogo: 5.7 dhidi ya 5.1. Kama njia yako yote ni barabara kuu unayokwenda kwa kasi moja bila kusimama, piga hesabu yako upya kabla ya kulipia haibridi ya aina yoyote. Na kama kazini ni jirani kiasi kwamba injini haipati hata muda wa kupata joto, faida nayo hupungua, maana injini baridi huendelea kunguruma hata pale ambapo ingepaswa kuzimika.

(Takwimu zote za mafuta hapa ni za EPA, nimezigeuza kuwa lita. Ulaya hupima kwa utaratibu mwingine, WLTP, kwa hiyo usichukue namba ya huku ukailinganisha na ya kule.)

Sasa twende kwenye matoleo. Jambo ambalo muuzaji hatalitaja asipoulizwa ni kwamba katika magari haya, toleo la juu halikupi injini kubwa zaidi. Corolla ya haibridi tangu 2023 ina nguvu farasi 138, uwe umechukua la chini au la juu. Elantra ya haibridi ni 139 kwa matoleo yote. Civic ya haibridi iliyorudi sokoni Marekani kama modeli ya 2025 ina 200, katika Sport na katika Sport Touring. Kwa hiyo ukiongeza pesa kupanda daraja, hununui mwendo. Unanunua viti, skrini, spika, taa za mapambo, na rimu.

Hizo rimu ndizo ninazotaka tuzungumzie, kwa sababu ndicho kitu pekee kwenye orodha ile kinachokugusa kila siku na kila unapokwenda kununua matairi. Chukua Prius ya 2023 inayoendeshwa na magurudumu ya mbele. Toleo la chini, LE, lina rimu za inchi 17 na limepimwa lita 4.1 kwa kilomita 100, wastani wa mjini na barabara kuu. Panda hadi matoleo ya juu, XLE au Limited, rimu zinakuwa inchi 19, na matumizi yanafika lita 4.5. Injini ni ileile na betri ni ileile. Elantra nayo ni hivyohivyo: toleo la Blue lenye rimu za inchi 15 lilipimwa lita 4.4, na Limited lenye rimu za inchi 17 lita 4.7. Si rimu peke yake, vifaa vya ziada navyo vina uzito, lakini tazama Civic: Sport na Sport Touring zote zina rimu za inchi 18, na ingawa moja imejazwa vitu kuliko nyingine, kipimo chao cha mafuta ni kimoja.

Kwa mtu anayekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka, tofauti ya matoleo ya Prius ni kama lita 80. Lita 80 hazimtajirishi mtu. Kinachonikera ni kwamba unalipa zaidi ili uchome zaidi, halafu unalipa tena siku matairi yanapokwisha.

Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Elantra Blue huvaa 195/65 R15, Limited huvaa 225/45 R17. Namba ya katikati ni asilimia: ukuta wa tairi la kwanza una kimo cha milimita 127 hivi, wa pili 101. Huo ukuta ndio mto wako. Shimo ambalo mimi nalipita nikisikia mlio wa "dup" tu, shemeji yangu hulikwepa kama nyoka, maana kwenye gari lake kati ya rimu na lami kuna milimita zisizofika 100 za mpira. Tena tairi lake ni 195/50 R19, saizi ambayo huikuti kwenye magari mengi. Duka la matairi lenye rundo la inchi 15 hadi darini linaweza lisiwe na hata moja la kwake. Kabla ya kulipia toleo la juu, pita kwa muuza matairi, mtajie saizi zote mbili, sikiliza bei na sikiliza kama anazo. Huo ndio utafiti bora kuliko video yoyote ya kulisifia gari.

Sisemi kila mtu achukue la chini. Kuna vitu vichache ambavyo ningevipandia daraja bila kujiuliza.

Cha kwanza ni kiti. Mgongo wako ndio unaokwenda kazini. Matoleo ya chini mara nyingi huwa na kiti kinachosogea mbele na nyuma, juu na chini, basi. Kile kibonyezo cha kusukuma mto wa kiuno huweza kuanzia toleo la kati. Usikikalie dakika mbili dukani huku unapiga picha usukani. Kaa nusu saa, redio ikiwa imezimwa, mikono kwenye usukani na mguu kwenye pedali. Ukianza kujigeuzageuza, umeshapata jibu. Kiti changu cha kitambaa kimenitosha na mgongo wangu haulalamiki, lakini mimi ni mfupi; shemeji yangu, mwenye miguu mirefu kama mwanariadha, hukitukana kila akikikalia. Hapo sina la kumwambia.

Cha pili ni kruzi, mfumo wa gari kujishikilia mwendo lenyewe, ila ile inayofuata gari la mbele hadi linaposimama. Si ile ya zamani ya kushikilia mwendo mmoja, wala ile inayojizima ukishuka chini ya mwendo fulani. Kwenye foleni hii hukuokoa kifundo cha mguu. Toyota na Honda huiweka hata kwenye matoleo ya chini ya haibridi zao za karibuni, lakini ukinunua gari la miaka ya nyuma au la soko jingine usidhani, uliza na ijaribu. Pamoja nayo, tafuta kibonyezo cha kushikilia breki gari linaposimama. Ni kidude kidogo karibu na breki ya mkono ya umeme, hakitajwi na mtu, na kwenye taa nyekundu unaweza kuondoa mguu kwenye pedali na gari likatulia palepale.

Cha tatu ni taa ya onyo kwenye vioo vya pembeni inayokuambia kuna pikipiki au gari usiloliona. Magari mengine huliacha hilo kwa madaraja ya juu. Kama njia yako ina pikipiki nyingi, lilipie.

Paa la kioo, ngozi, spika za jina kubwa, taa za rangi miguuni: kama unazipenda nunua, pesa ni zako. Ila zisiingie kwenye hesabu ya gari la kazini. Paa la kioo hata hukuibia nafasi ya kichwa.

Kuna na ile ya magurudumu manne, ambayo Corolla na Prius hutoa kwa baadhi ya matoleo. Nyuma huongezwa mota ndogo ya umeme. Kwa barabara yenye theluji au mpando wa utelezi ni msaada wa kweli wakati wa kuondoka. Lakini haifanyi saluni kuwa Jeep, chasi haiinuki, na kwenye Corolla LE wastani wa matumizi hupanda kutoka lita 4.7 hadi 4.9. Kwa lami kavu sioni sababu.

Kuhusu kiyoyozi, maana hili huulizwa sana na wenye foleni za jua kali: kwenye Corolla na Prius za haibridi kompresa huendeshwa na betri kubwa, haitegemei mkanda wa injini. Umesimama, injini kimya, na baridi inaendelea kutoka. Vile vipande vya betri kwenye dashibodi utaviona vinapungua kimoja baada ya kingine, halafu injini inajiwasha bila kukuuliza, inachaji kidogo, inazima tena. Wageni kwenye gari langu hushtuka. Ni kawaida, na ni hivyo kwa toleo lolote, kwa hiyo mtu asikuuzie daraja la juu kwa sababu ya baridi.

Kabla hujatia saini, fungua buti na unyanyue zulia. Baadhi ya haibridi huja na pampu na chupa ya gundi mahali pa tairi la akiba, na wakati mwingine hilo hutofautiana kati ya toleo na toleo. Gundi huziba tundu la msumari. Tairi lililopasuka ubavuni hailiwezi, na ni matairi ya ukuta mfupi ndiyo hupasuka ubavuni kwa urahisi. Sasa unaona kwa nini sikuachia mjadala wa rimu mapema.

Kama unanunua lililotumika, toleo lina uzito mdogo kuliko historia yake. Uliza dhamana ya betri imebaki kiasi gani na kama humfuata mmiliki mpya. Kwa modeli za Marekani kuanzia 2020 Toyota hutoa miaka 10 au maili 150,000, kama kilomita 240,000, lakini kwingine masharti ni tofauti. Halafu piga magoti kwenye mlango wa nyuma na tochi. Kwenye Corolla na Prius kuna tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Feni huvuta hewa ya ndani ya gari hapo ili kupoza betri. Pitisha kidole kwenye wavu wake. Ukitoka na sufi ya vumbi na manyoya ya mbwa, betri hiyo imekuwa ikipumua kwa shida, hata kama viti ni vya ngozi na rimu zinang'aa. Chujio lenyewe husafishwa kwa muda mfupi na fundi yeyote anayezijua haibridi, lakini kama hakuna aliyelishughulikia kwa miaka, mwambie akupimie betri kwa kompyuta kabla hamjaanza kuzungumza bei.