Akikwambia yeye ni Wicca, muulize wa kwa nani

Nilipofika Bristol nilipanga chumba nyumba ya kushea, na dada mmoja wa Kiingereza siku ya kwanza tu, tena huku anakata vitunguu, akaniambia yeye ni mchawi. Usiku ule niliegemeza kiti mlangoni. Sasa mi ningefanyaje, kwetu mchawi ni anayeroga basi, hakuna mchawi mzuri, mzuri tunamwita mganga.

Kumbe dada wa watu alimaanisha Wicca, ambayo ni dini, mungu wa kike na wa kiume, sikukuu nane kwa mwaka, na ilianza kujulikana kupitia Gerald Gardner, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya forodha huko Malaya, akaandika kitabu 1954 baada ya Waingereza kuifuta sheria yao ya uchawi ya 1735 mwaka 1951. (Ya kwao wamefuta, ile ya 1928 waliyotuachia Tanganyika tumebaki nayo wenyewe.)

Kosa langu la pili likawa kudhani wote ni wamoja. Nikamuuliza kikundi chenu mnakutana wapi, akacheka, yeye anafanya peke yake chumbani kwake, hana kikundi wala kiongozi, na wa hivyo wako wengi tu. Rafiki yake ndo alikua wa Gardner, huko huingii mpaka aliyeingizwa akuingize, kuna daraja tatu na viapo vya siri. Wa Alex Sanders na mkewe Maxine, wa miaka ya 60, wanafanana nao sana ila usiwachanganye mbele yao. Halafu Marekani kuna Dianic wa mwanamke anayeitwa Zsuzsanna Budapest, walioanzia Los Angeles 1971, hao ni wanawake kwa wanawake, kaka yangu usijisumbue kuomba nafasi, na kuna Reclaiming wa San Francisco, hao utawakuta hata kwenye maandamano ya kupinga nyuklia. Ndo maana nasema muulize kwanza wa kwa nani, kama unavyomuuliza mtu ukoo, ukishajua hapo utaelewa mengine yote.

Na hela usitoe haraka. Mimi udadisi uliniponza, nikapata mtu mtandaoni anauza daraja la tatu kwa wikiendi moja, pauni 180, nikawa nishatoa kadi. Yule dada akanishika mkono, akaniambia njia ya Gardner kuingizwa hakuuzwi, na kwa desturi unasubiri mwaka mmoja na siku moja ndo uende daraja linalofuata. Kama unataka kujiingiza mwenyewe Raymond Buckland alianzisha tawi lingine la Wicca, Seax-Wica, miaka ya 70, ambalo linaruhusu, na ni bure.

La mwisho, ukipiga simu nyumbani neno mchawi liache. Silisemi kwa utani, huko Shinyanga bibi zetu wameuawa kwa sababu macho yao mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni. Mi nilimwambia mama "naishi na mchawi", akafunga siku tatu ananiombea. Nikaja kumweleza Wicca ni nini karibu saa nzima, akasema ameelewa. Mpaka leo akipiga simu lazima aulize, "na yule mchawi wako hajambo?"