Presha ya kiwanda usiishushe kwa mwendesha mashine

Katika miaka yangu ya umeneja wa uzalishaji, kilichonichosha kuliko simu za saa nane usiku ni kukaa katikati. Juu wanataka oda itoke Ijumaa. Chini fundi hana kipuri, na watu wawili wa zamu ya usiku hawajafika.

Jioni moja mwendesha mashine aliniita kwenye konveya, ule mkanda unaosafirisha bidhaa. Alisogeza kiganja pale ilipokaa beringi, kifaa kinachoshika mhimili unaozunguka, akakirudisha haraka. "Bosi, hii inaunguza, na mlio wake umebadilika." Mlio niliusikia vizuri. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimesemwa sana kikaoni, nikamjibu, "Tumalize oda kwanza." Saa saba usiku beringi ikakwama na kuharibu shafti, yaani mhimili wenyewe. Kazi ya kubadilisha beringi, ambayo ingechukua dakika 40, ikala siku nzima na nusu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tangu siku hiyo yule kijana hakuniambia tena chochote.

Ndugu meneja, ukimshushia mtu presha yako kama ulivyoipokea, atanyamaza, na wewe utabaki kiziwi ndani ya kiwanda chako mwenyewe. Toyota waliweka kamba ambayo mfanyakazi yeyote anaivuta akiona kasoro; kiongozi wake anakuja, na tatizo lisipotatuka, laini ya uzalishaji inasimama. Kamba hiyo haisaidii kitu kama anayeivuta anagombezwa.

Siku hizi naingia kikaoni na hesabu: tukisimama sasa tunapoteza dakika 40, tusiposimama tunaweza kupoteza zamu tatu. Wakubwa wakishikilia tuendelee, naomba agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi wameghairi.

Suala la usalama silipeleki kikaoni kabisa. Hakuna anayeingiza mkono kwenye mashine kabla umeme haujakatwa na swichi kuu kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa fundi anayefanya kazi hiyo. Oda iwe ya nani, hapo sisogei.

Na simu za usiku zilipungua nilipoanza kukabidhisha zamu pale pale kwenye mashine, robo saa, msimamizi anayetoka na anayeingia wakiwa wamesimama pamoja.

Yule kijana nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Zilipita wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja akasimama mlangoni pangu: "Bosi, njoo uisikilize hii mota." Nilikuwa kwenye simu na mkurugenzi. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikatoka.