Natumia vidonge vya lithiamu, je, nifunge Ramadhani?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nina ugonjwa wa baipola, ule wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, na nameza lithiamu kuutuliza mwaka wa nne sasa. Mama mkwe anasema Qur'ani ndiyo shifaa, niache vidonge nifunge. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Binti yangu, dawa usiiache. Naanza na hilo kwa kuwa nimeshaletewa watu walioacha dawa Ramadhani ilipoingia. Kufika kumi la mwisho hawalali, wanasema bila kituo, na nyumba nzima inatafuta majini.

Qur'ani ni shifaa, na kisomo endelea nacho. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo aliyetufundisha kusoma ndiye aliyetuamrisha kujitibu. Kumeza kidonge hakupunguzi tawakkul.

Ama saumu, lithiamu ni aina ya chumvi, na figo ndizo huitoa mwilini. Ukishinda bila maji huku jasho linakutoka, figo huibakiza, ikazidi kwenye damu ikageuka sumu: mikono hutetemeka, mtu hutapika, huharisha, huyumba, hata kuchanganyikiwa. Tena kuamka daku hukata usingizi, na usingizi ukikatika maradhi haya hupanda upesi.

Basi muone daktari wako Shaaban hii. Wapo waliotulia ambao huruhusiwa kufunga baada ya kupimwa damu na figo na kupangiwa upya saa za dawa. Usijipangie mwenyewe. Akikukataza, kula, ruhusa hiyo imo katika Suratul Baqara, aya ya 184. Ikiwa kizuizi ni cha mwaka huu tu, utalipa baadaye. Ikiwa hutarajiwi kuweza tena, toa fidya, kibaba cha chakula kwa maskini kila siku, kama tunavyofanya sisi Mashafii.

Mama mkwe msimulie kwa adabu kisa alichopokea Abu Daud. Sahaba alipasuka kichwa safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya kuoga; wakamwambia hawaoni ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alisema: "Wamemuua!" Akawalaumu kwa kutouliza wasilolijua.

Ukiruhusiwa kufunga, kisha mikono ikaanza kutetemeka au ukatapika, fungua saa hiyo hiyo na uende hospitali, usingoje Magharibi. Na kichwa kikikuuma usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani, huipandisha lithiamu. Muulize daktari kuhusu parasetamoli.

Wallahu a'lam.