Ziwa limefungwa, na mimi nina kisado cha uongo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina watoto wanne. Tangu Ziwa Tanganyika lifungwe kwa uvuvi tarehe 15 Mei mwaka huu wa 2024 sina biashara. Tunakula mihogo ya mama mkwe na vibarua vya mume wangu, na mtoto wa kwanza anadaiwa hela ya hosteli. Usiku nataka kusali, maneno yananikatikia. Mwaka juzi hali ilipobana nilikipasha moto kitako cha kisado changu, nikakisukuma kwa ndani na mwiko. Ukikijaza kinaonekana kimejaa, kumbe mnunuzi amepunjwa. Nimewapimia hivyo hata majirani ninaosali nao jumuiya. Je, Mungu ametufungia ziwa kwa ajili yangu? Na nikiungama leo nikiwa na njaa, si nitakuwa nambembeleza tu anipe? (Mama wa Kibirizi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ziwa halikufungwa kwa ajili ya kisado chako. Nchi nne zenye maji haya, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, maana wamekuwa wakipungua. Kwetu litafunguliwa 15 Agosti. Yupo mama pale Katonga asiyewahi kumpunja mtu hata punje moja, na chanja yake leo ni tupu kama yako. Watu 18 walipoangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana Yesu alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Soma Luka 13. Lakini hapohapo, bila hata kuvuta pumzi, aliwaambia waliomsikiliza watubu. Kwa hiyo mzigo wa ziwa utue. Wa kisado ni wako.

Kuhusu njaa, usiionee aibu. Mwana mpotevu aliikumbuka mikate ya watumishi wa baba yake kabla ya kuyapanga maneno ya toba. Ni njaa iliyomnyanyua kule kwenye nguruwe. Na baba alipomwona kwa mbali alikimbia kumkumbatia, hakumuuliza kwanza kilichomrudisha ni majuto au tumbo.

Sasa nikuambie kwa nini maneno yanakukatikia, kwa sababu mimi yaliwahi kunikatikia miaka saba. Nilipokuwa kijana nilivua dagaa na kaka yangu, usiku wa giza, kwa taa ya karabai. Msimu mmoja niliiuza karabai yake huku Ujiji, nikamwambia imezama. Aliamini. Alikufa akiamini. Kila Jumapili nilijipiga kifua, "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana", na karabai siitaji. Nilikuwa tayari nafundisha watoto katekisimu, fikiria! Siku moja kwenye kitubio padre aliniuliza kwa upole, "Umekosa nini hasa?" Nikasema, karabai. Neno hilo moja tu. Nililia mpaka wenzangu waliokuwa kwenye foleni nje walinyamaza. Wiki ile nilimpelekea shemeji yangu thamani yake, nikamweleza. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniletea maji ya kunywa.

Ndiyo maana nakusihi usisali "unisamehe makosa yangu yote" ukaishia hapo. Kwenye Sala za Jioni tunaambiwa tuwaze makosa ya leo, kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu, nasi tunayapita yote manne kwa pumzi moja. Simama pale. Kaa kimya mpaka kisado kije. Kisha useme kwa maneno yako, hata haya: "Ee Mungu, nilikisukuma kitako cha kisado kwa mkono huu. Niliwaibia watu walioniamini, wengine maskini kuliko mimi. Silitetei kosa hili mbele yako. Nihurumie, na watoto wangu uwatazame." Hela ya hosteli itaje pia, katika sala hiyohiyo. Mtoto hasubiri amalize kuomba radhi ndipo amwambie mama kwamba ana njaa.

Nenda kitubio Jumamosi. Si lazima usimame mbele ya jumuiya nzima kujitangaza. Ila uliowapunja unawajua baadhi, na ziwa likifunguliwa utawapimia tena: kisado cha halali, na juu yake nyongeza ya kweli, ya viganja viwili, miezi mingi. Wale waliopanda treni na dagaa wako hutawaona tena. Fungu lao wape wasiojiweza.

Na usiku, usingizi ukigoma, shika Zaburi ya 130. Inaanza, "toka vilindini nimekulilia". Sisi wa ziwa hili tunajua kilindi ni nini. Kina cha Tanganyika ni karibu mita 1,470, nanga haifiki. Aliyeitunga alikuwa chini kabisa, na bado anasema nafsi yake inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Nimeingoja asubuhi hiyo ndani ya mtumbwi, upepo umegeuka, karabai imezimika, mikono imekufa ganzi. Humwoni hata mwenzako, unamsikia tu akichota maji mtumbwini. Lakini hujiulizi kama kutakucha. Unatazama upande wa Kigoma, ukisubiri weupe utokee nyuma ya vilima, na unaendelea kupiga kasia. Sala ya Matumaini uliyoijua tangu Komunyo ya kwanza naisikia hivyo: "natumaini kwako", nawe bado uko majini.

Hicho kisado usikitupe jalalani, mtu atakiokota akipimie. Kikate kwa kisu, kesho kabla ya Misa.