Kulaza ruta ubavu: meza ya kujitengenezea karakanani

Swali: Fundi, salaam na pole na kazi. Nina karakana ndogo ninayotengeneza milango, viti na makabati. Meza yangu ya ruta, ile mashine ya kuchonga mbao kwa biti (kisu kinachozunguka kwa kasi), ni ya kawaida, biti inachungulia juu. Kuchonga ndimi za fremu za milango (zile ncha zilizopunguzwa unene ili ziingie kwenye matundu) kunanitesa, kwa sababu inabidi nisimamishe kipande kirefu wima juu ya meza, nacho kinayumba. Nataka nijitengenezee meza ambayo ruta imelala ubavu ili ubao ulale chali. Nitumie mbao gani? Niifungeje ruta iweze kupanda na kushuka kidogo kidogo? Na je, nahitaji toroli la kutelezesha mbao? Nilishajaribu kufunga ruta kwenye ubao uliosimama, nikapitisha kipande chini ya biti kutoka kushoto kwenda kulia, kikanichomoka mkononi. Nilikosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, salaam. Nianze na swali la mwisho, maana hilo ndilo linalogusa vidole.

Biti ya ruta, ukiitazama ncha yake ikikuelekea, huzunguka kinyume na mishale ya saa. Ruta ikilala nyuma ya meza na wewe ukisimama mbele, hivyo ndivyo unavyoiona. Kwa hiyo upande wa chini wa biti unakimbilia kulia, na upande wa juu unakimbilia kushoto. Ulipopitisha kipande chini ya biti kutoka kushoto kwenda kulia, ulikipeleka kule kule meno yalikokuwa yanakwenda, yakakidaka na kukivuta. Biti ikiwa juu ya ubao, sukuma kutoka kulia kwenda kushoto. Biti ikiwa chini ya ubao, imechungulia kidogo tu juu ya uso wa meza, mambo yanageuka: sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Chora mishale hiyo miwili kwa wino mzito pale mbele ya macho yako, kwa sababu mtu akichoka hukumbuka mmoja tu.

Kuna hali ya tatu, biti inapozama yote ndani ya ubao kuchimba tundu. Hapo inakata pande zote mbili, na kinachoamua ni upande unaotangulia kukutana na mbao. Ukipeleka ubao kulia, mbao ambayo haijakatwa inakutana na upande wa kushoto wa biti, ambao unashuka, hivyo ubao unakandamizwa mezani. Ukiupeleka kushoto, unakutana na upande unaopanda, na ubao unataka kuinuka. Kwa hiyo pito la kukata liwe la kwenda kulia, na kurudi kushoto kuwe kwa kusafisha tu.

Tuje kwenye ujenzi. Watu wengi wakifikiria meza hii huanza na toroli, reli na vishikio vya kila namna. Mimi nakushauri uache hayo kwanza. Meza hii inahitaji mambo mawili tu ili ifanye kazi nzuri: bamba linalobeba ruta lisipinde wala kulegea, na biti ilale sambamba kabisa na uso wa meza. Ukivipata hivyo viwili, hata kipande cha ubao wenye pembe mraba kitakutosha badala ya toroli.

Kwa uso wa meza, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18 iliyobandikwa fomaika (karatasi ngumu nyororo ya kufunika meza) pande zote mbili inafaa sana. Nasisitiza pande zote mbili, kwani ukibandika upande mmoja ule mwingine utavuta unyevu na meza itajikunja. Ukubwa wa milimita 800 kwa 400 unatosha. Pigilia chini yake mbavu mbili au tatu za mbao kavu iliyonyooshwa kwa randa. Kwenye ukingo wa nyuma, chini ya uso, funga boriti nzito kwa gundi na skrubu: vipande viwili vya plaiwudi ya 18 vilivyogandishwa pamoja kuwa 36 ni imara kuliko mbao nyingi. Boriti hiyo ndiyo itakayoshikilia bamba, kwa hiyo uso wake wa nyuma uwe sawasawa na ukingo wa meza na uwe na pembe mraba na uso wa juu.

Bamba lenyewe litengeneze kwa plaiwudi nzuri ya milimita 18, isiyo na mapengo ndani. Hapo ruta itakapokaa, chimba uso wa nyuma ubakize kama milimita 10, ili biti isipoteze urefu wake ndani ya bamba. Usiende chini ya hapo. Ruta ya nguvu ina uzito wa kilo kadhaa, na ikilala inaning'inia nyuma kama mtu aliyeegemea kiti cha miguu miwili, bamba jembamba litapinda tu. Ukiwa na alumini ya milimita 8 au zaidi, tumia hiyo kwenye sehemu ya ruta. Ondoa kile kitako cha plastiki cha ruta, kiweke juu ya bamba, na uweke alama za matundu ya skrubu kwa kukifuata. Skrubu ziwe ndefu kiasi cha kufidia unene wa bamba, na vichwa vyake vizame kabisa mbele, kwa sababu uso huo ndio ambao mbao zitauegemea.

Sasa kupanda na kushuka. Njia rahisi kuliko zote ni kulifanya bamba lizunguke kwenye bolti moja. Upande mmoja, toboa tundu la bolti ya M10 (yenye unene wa milimita 10) inayopita kwenye bamba na kuingia kwenye boriti. Huo ndio mhimili. Upande wa pili, milimita 500 kutoka kwenye mhimili, kata mfereji wa upinde ambamo bolti ya pili itapita na kukaza kwa washa pana (pete ya bati chini ya kichwa cha bolti). Usiuchore upinde huo kwa jicho. Chomeka msumari au bolti kwenye tundu lile lile la mhimili, fungia ruta kwenye kipande cha ubao kirefu, ukate mfereji kwa kuzungukia hapo, na utaupata sawasawa. Ruta ikae katikati, milimita 250 kutoka kwenye mhimili.

Uzuri wa mpangilio huo uko kwenye hesabu. Mwisho wa bamba ukiinuka milimita 2, biti inainuka 1. Weka chini ya ncha hiyo gogo dogo la mbao ngumu lenye nati iliyozamishwa, na bolti ya M8 inayosukuma bamba kutoka chini. Nyuzi za kawaida za M8 zinasogea milimita 1.25 kwa mzunguko, kwa hiyo mzunguko mmoja unainua biti kama milimita 0.6, na robo mzunguko kama 0.15. Bandika kipande cha chuma pale bolti inapogusa bamba ili isitoboe plaiwudi. Na kila unapopima, malizia kwa kupandisha. Ukiwa umepitiliza, shusha kabisa kisha panda tena, ili uzito wa bamba ukae juu ya bolti na ulegevu wa nyuzi usikudanganye, halafu ndipo ukaze.

Angalia jambo moja. Kwa kuwa bamba linazunguka, biti haipandi wima, inasogea pia pembeni. Kutoka usawa hadi kupanda milimita 50 inasogea kama milimita 5. Haidhuru ukataji, ila alama zako za mwanzo na mwisho wa tundu hazitakuwa sahihi baada ya kubadilisha kimo. Bandika utepe wa karatasi kwenye meza mbele ya biti na uchore upya kingo zake kila ukishakaza. Kwenye ukingo wa meza, chini ya biti, chonga nafasi ndogo ili biti iweze kushuka chini ya uso.

Kupima usambamba, chomoa plagi, kaza kwenye koleti (kile kishikio cha biti kwenye ruta) fimbo ya chuma iliyonyooka, yenye unene ule ule wa shina la biti zako, na upime kimo chake kutoka mezani karibu na bamba na kule kwenye ncha. Vipimo vikitofautiana, weka vipande vya karatasi kati ya boriti na bamba mpaka vilingane. Usidharau tofauti ndogo: vipande viwili vikitobolewa kwenye meza ile ile huinama kwa kiasi kile kile, na ukiviunganisha kosa linakuwa maradufu, fremu inajikunja katikati.

Kuhusu ndimi zenyewe, nina maoni yanayoweza kukubadilishia kazi. Tuseme fremu ina unene wa milimita 36 na unataka ulimi wa 12. Biti ikiwa chini, unakata 12 upande mmoja, unageuza, unakata 12 upande wa pili. Vizuri, lakini kipande chenye unene wa 36.5 kitakupa ulimi wa 12.5, hauingii. Cha 35.5 kitakupa 11.5, unacheza. Kila tofauti ya randa inahamia kwenye ulimi. Kwa hiyo kwenye meza hii mimi ningeacha kabisa kuchonga ulimi kwenye kipande. Chimba tundu kwenye vipande vyote viwili, kisha ingiza ulimi wa kupachika uliorandwa peke yake kwa urefu mrefu na kukatwa vipande. Weka alama ya penseli kwenye uso mzuri wa kila kipande, na uso huo uangalie meza siku zote. Tundu litakuwa umbali ule ule kutoka kwenye uso huo, hata unene ukipishana, na nyuso zitalingana bila kupiga randa tena.

Kumbuka tu kukata kipande cha kulala (kile kinachounganisha vipande viwili vya kusimama vya fremu) kwa kipimo cha bega hadi bega, maana urefu wa ulimi hauhesabiwi tena. Matundu yazidi kidogo, milimita 1 hadi 2 kila upande wa kina, kuipa gundi nafasi. Kingo za tundu zitakuwa za mviringo, hivyo viringisha kingo za ulimi au uache ulimi uwe mwembamba kidogo kwa upana. Nyuzi za mbao za ulimi ziende kwa urefu wake.

Kwa kuchimba, tumia biti ya msokoto inayotoa maranda nje. Inavuta ubao kuelekea kwenye bamba, hivyo inakusaidia. Ingia kidogo kidogo, kama nusu ya unene wa biti kwa kila pito: biti ya 12, milimita 6. Shina liingie kwenye koleti angalau milimita 20, kisha livute nje milimita 2 kabla ya kukaza. Na usifunge shina la milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi, ambayo ni 6.35, litaonekana limekazwa mpaka litakaporuka.

Miguu ya milango yako, yaani vile vipande virefu vya kusimama, italala sambamba na bamba, na sehemu kubwa itaning'inia nje ya meza, kwa hiyo tengeneza stendi ya kimo kile kile. Kwa ncha za vipande vya kulala, sukuma kwa ubao mpana wenye pembe mraba unaoteleza kwenye bamba. Huo unazuia pia ncha isichanike biti inapotoka, na ndio unaochukua nafasi ya toroli uliloniuliza. Mikono ibaki mbali na biti, na biti ikiwa juu ya ubao usiache ubao uinuke, kwani hapo unazama zaidi kwenye meno na hakuna wa kuurudisha. Ndiyo maana, pale unapoweza kuchagua, biti chini ya ubao ni salama zaidi: ubao ukiinuka, umekata pungufu tu na unapita tena.

Swichi ifunge mbele, pale goti linapoifikia, na iwe ya aina isiyojiwasha umeme ukikatika na kurudi. Ukija kuchonga paneli za milango, nunua biti nyembamba ndefu, ile iliyotengenezwa kwa paneli ya kusimamishwa wima, usinunue ile biti pana kama sahani. Kwenye meza yako paneli italala, na biti hiyo nyembamba inavumilia kasi kubwa kuliko ile pana, ambayo hulazimika kuteremshwa hadi mizunguko 10,000 au 12,000 kwa dakika.